Ndege Waliopotewa na Mlima Wao

Nyinyi vijana mnaopita hapa kwangu Moshono mkanikuta nimesimama uani, kichwa nimekiinua na mdomo wazi, najua mnachosemezana. Mnasema bibi ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Nasikiliza kandege kadogo ka manjano, kenye duara jeupe kuzunguka jicho kana kwamba kamevaa miwani, kanakopita kwenye mpera wangu na wenzake wakiitana. Vitabu vinamwita kinengenenge. Ndugu zake wa milimani ndio walionifundisha kazi, na ndio waliokaribia kumfukuzisha kazi mtu niliyempenda kama baba. Kaeni basi, maana habari yao haielezeki mtu akiwa amesimama mlangoni na funguo za pikipiki mkononi.

Kazi yangu ilikuwa kuchuna ndege. Si wa supu. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, miaka yake ya mwisho mwisho, na kule juu ya Tengeru Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa amempangisha nyumba Mwingereza aliyekusanya ndege wa milimani. Jina lake lilikuwa refu, nasi hatukulihitaji. Tulimwita Bwana Ndege, na mwishowe hata yeye akawa anajitambulisha hivyo kwa watu. Alikuwa anatafuta msichana mwenye mkono mwepesi. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya misheni nikijua kutarizi vitambaa vya meza, basi mchungaji akamwambia, mchukue Naomi.

Aliyenipokea ni Mzee Saidi. Huyu alikuwa Mzigua, aliyezaliwa pande za Pangani, na alikuwa amezunguka nchi nzima na watafiti wa kila namna tangu ujana wake. Nyumba yake ilikuwa Daraja Mbili, kule mjini, lakini siku za kazi alilala kwenye chumba nyuma ya stoo ya ndege. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akajibu "Marahaba, binti," kisha akaniwekea mbele njiwa mfu na kisu kidogo kuliko kidole changu.

"Tunaanza na tumbo," akasema. "Kata ngozi tu. Ukikata nyama, umeharibu."

Nilikata nyama. Nikavuta shingo, ikachanika. Nilipomaliza, njiwa wangu alikuwa kama soksi iliyokauka juu ya ua. Mzee Saidi alimgeuza huku na huku kwa heshima kubwa, akauliza kama shuleni kwetu tulifundishwa kushona au kulima.

Siri ya kazi ile nitawapa bure, ingawa hamtaitumia. Ngozi haivutwi, mwili ndio unaosukumwa utoke. Damu na mafuta havipanguswi kwa maji, unanyunyiza unga wa mahindi unavinywa. Rangi ya jicho unaiandika ndege akiwa bado na joto, kwa sababu jicho halingoji. Ndani ya ngozi unapaka sabuni ya sumu ili wadudu wasile, na ukimaliza unanawa mpaka viwiko kabla hujagusa chakula. Halafu unajaza pamba, unashona, unapishanisha miguu na kuifunga karatasi ndogo yenye jina la mlima, kimo na siku aliyopatikana. Bwana Ndege alikuwa na amri moja aliyoirudia kila asubuhi: karatasi haimwachi ndege. Ndege asiye na karatasi, alisema, ni takataka yenye manyoya.

Mwanzoni niliona ni ukorofi wa kizungu. Ndege ni ndege, mlima wake una nini? Bwana hakukasirika nilipomwuliza. Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo Wazungu wa siku zile hawakulifanya mbele ya msichana wa kazi, akaniuliza habari za kihamba cha baba yangu, shamba letu la nyumbani la kahawa na migomba.

"Baba yako akipanda mgomba, anapanda nini?"

"Chipukizi, Bwana."

"Na mgomba ule mpya unafanana na mama yake?"

"Ni ule ule. Hata ndizi zake ni zile zile."

"Na mibuni?"

"Mibuni ni mbegu."

"Miche yake yote iko sawa?"

Nikacheka. Mtu aliyelelewa kwenye kahawa hawezi kuulizwa hivyo asicheke. Kwenye kitalu cha baba, miche ya mama mmoja ilikuwa na tabia zake kama watoto wa nyumba moja: huyu mrefu, huyu jani pana, huyu jua likipanda kidogo tu analegea, huyu kutu ya majani inamwanza kabla ya wenzake. Nikamweleza kwamba mwaka mmoja mvua ilikataa, miche iliyokuwa ikilegea ikafa yote, na baba baadaye akachukua mbegu kwenye ile iliyobaki, kwa kuwa hakukuwa na nyingine.

"Nani aliyechagua mbegu mwaka ule?" akauliza.

Nikafikiri. "Jua, Bwana. Baba aliokota tu kilichoachwa."

"Basi umekwisha kujua nusu ya kazi yangu."

"Na nusu nyingine?"

"Nusu nyingine ni umbali. Hiyo nitakuonyesha."

Alinionyesha kweli, na sijasahau mpaka leo. Tulikuwa tumepanda Meru, tukaweka kambi pembeni mwa msitu. Asubuhi nilitoka hemani nikakuta nchi haipo. Tengeru haipo, Usa haipo, njia ya Moshi haipo. Mawingu yalikuwa yamelala chini yetu, meupe, yametandazwa mpaka mwisho wa macho, na ng'ambo kule Kilimanjaro imetokeza peke yake, imekaa. Nilikuwa nimezaliwa kwenye mlima ule tuliokuwa tumeupanda na sikuwahi kujua kwamba nilikuwa naishi mahali pa namna ile.

Mzee Saidi alikuwa anachochea moto. Akasema, "Kisiwa ndicho hicho, binti. Hujawahi kuona kisiwa, leo umeona viwili, na kimoja umekisimamia."

Bwana Ndege akasema ndivyo ndege wa msituni anavyoiona nchi. Mawingu yale ni nyika yenye joto na miiba. Ndege aliyezoea baridi na ukungu haivuki, au akivuka ni mmoja katika umri wa watu wengi. Zamani sana dunia ilipokuwa na baridi na mvua zaidi, misitu iliteremka ikashikana mlima kwa mlima, na ndege wakatembeleana. Kisha joto likarudi, misitu ikapanda juu, kila mlima ukabaki na watoto wake. Kila kizazi kina tofauti ndogo, kama miche ya baba. Mlima huu una baridi ya namna yake, ule una chakula cha namna yake, na kila mmoja unachagua polepole. Tofauti nyingine zinakuja kwa bahati tu. Tofauti hizo hazivuki nyika. Zinajilimbikiza. Mpaka siku itakapotokea ndege wa huku akutane na wa kule, wasikilizane nyimbo wasizielewe, wapitane bila kutakana. Hapo, akasema, wamekuwa aina mbili. Wasomi wa leo wanasema spishi.

Nikauliza ni muda gani huo. Bwana akaangalia Kilimanjaro akasema hakuna mtu aliyeishi kiasi cha kuweza kuuhesabu.

Tukishuka nilimwuliza Mzee Saidi faraghani kama maneno yale hayamwogopeshi. Kwetu tulikuwa Walutheri wa kanisa kila Jumapili, yeye hakukosa swala hata porini. Aliinua tawi lililoziba njia ili nipite. Kisha akasema, "Mimi nilidhani Mungu alifanya kazi siku zile sita tu akamaliza. Sasa huyu ananiambia kwamba bado mkono uko kwenye udongo. Nitaogopa nini? Mungu ana haraka gani?"

Sasa mjue kilichokuwa hatarini. Bwana Ndege alikuwa ameandika kwa wenzake Ulaya kwamba vinengenenge wa milima ya Upare si sawa na wa huku kwetu, kwamba milima imewatenga mpaka wameachana. Wenzake wakamjibu kwamba anaota, ndege ni wale wale, macho yake yanatafuta anachokipenda. Basi akazunguka msimu mzima na Mzee Saidi, Upare kwanza, kisha Kilimanjaro, kisha Meru, wakikusanya. Vinengenenge Mzee Saidi hakumwachia mtu kuwachuna, maana ngozi yao ni laini kuliko karatasi ya sigara. Mimi alinipa madudumizi na njiwa. Naye Mzee alikuwa amekwisha kuonywa. Macho yake yalianza kufifia, na Bwana alimwambia waziwazi kwamba kuna fundi kijana Nairobi anangoja nafasi. Kosa moja kubwa, basi. Mzee alinipa habari hizo huku akinoa kisu. "Nirudi Daraja Mbili nikafanye nini?" akasema. "Mikono hii haijui kitu kingine."

Mvua za vuli zikaja na unyevu. Nyuzi za miguu ya vinengenenge zikaanza kuota ukungu, na Mzee akaamua kuzibadilisha. Akawatoa wote nje, akawapanga kwenye kichanja kimoja cha kahawa cha pembeni, kilichokuwa na kivuli, akafungua nyuzi, na kila karatasi akaiweka chini ya bawa la mwenyewe. Vichanja vingine vyote vya Mgiriki vilikuwa vimejaa kahawa iliyooshwa, inakauka.

Nyinyi hamkukulia kwenye kahawa, kwa hiyo niwaeleze. Pande zetu, wingu likishuka mlimani na mtu yeyote akapaza sauti "Kahawa!", kila mwenye miguu anakimbia vichanjani. Awe anakula, awe anazozana, awe mgeni aliyekuja kuposa. Mvua ikipiga kahawa iliyoanza kukauka, jasho la mwaka limeharibika. Huulizi ya nani. Unafunika.

Siku ile sauti ilipigwa na upepo ukaja pamoja nayo. Tukakimbia sote, waoshaji, wachumaji, mpishi wa Mgiriki na mwiko wake, mimi, na Mzee Saidi mwenyewe. Miaka yote aliyokaa kwenye kahawa ilikuwa imemwingia miguuni. Tulivuta maturubai, tukatandaza mikeka, tukakunja kingo. Wanawake waliofika kichanja cha pembeni walifanya kama walivyofanya kwingine kote: walikusanya kilichokuwepo katikati, wakakitia kwenye debe, wakalifunika kwa gunia. Walikuwa wakarimu sana. Hakuna ndege hata mmoja aliyelowa.

Karatasi zilikuwa kwenye mfereji wa kuoshea kahawa, zinaelea, wino unatoka.

Mzee Saidi aliufunua mdomo wa lile debe akasimama hivyo, mikono pembeni. Sikuwahi kumwona amesimama bila kushika kitu.

Bwana Ndege alirudi kutoka mjini jioni ile. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Aliwamwaga ndege mezani, akawaangalia, akasema taratibu, "Msimu mzima. Saidi, msimu mzima." Kisha akaketi akajishika kichwa, na sisi tukasimama ukutani.

Kesho yake asubuhi aliamka na wazo. "Kama nasema kweli," akatuambia, "ndege hawa hawahitaji karatasi. Mlima uwe umewaandika wenyewe. Naomi, wewe kaa upande ule. Tutawapanga bila kuzungumza."

Tukawapanga. Nilichukua mmoja mmoja nikamgeuza tumbo juu, dirishani. Na wanangu, niliwaona. Nilikuwa nimewaona mara nyingi lakini siku ile ndipo nilipowaona. Huyu tumbo kijani. Huyu kijani. Huyu kijivu, kama majivu ya jana, na duara la jicho jembamba zaidi. Huyu kijani, duara pana. Huyu kijivu. Hakukuwa na wa katikati. Kutoka Meru siku nyeupe unaiona milima ya Upare kwa mbali, na mahali hapo ninapoweza kupaona kwa macho yangu palikuwa pamechukua ndege yule yule pakamfanya mwingine, bila mkono, bila kelele, wakati babu wa babu zangu hajazaliwa. Tulipomaliza, mafungu ya Bwana na yangu yalikuwa sawasawa.

Lakini Bwana akatikisa kichwa. "Nani ataniamini? Nitasema wa kijivu ni wa Upare, wataniuliza nimejuaje. Nitajibu kwa sababu ni wa kijivu." Akasukuma kiti. "Haifai kitu."

Hapo Mzee Saidi akatoka ukutani. "Bwana, fungua mshono wa mmoja wa kijivu."

Bwana akafungua. Ndani hamkuwa na pamba. Mlikuwa na katani, nyuzi za mkonge, zile za mashamba ya chini ya milima ya Upare. Bwana alikuwa amepiga marufuku kitu chochote isipokuwa pamba, kwa sababu katani ni ngumu na inatoboa ngozi.

"Upare pamba ilikwisha," Mzee akasema. "Nilijaza katani. Huku na Kilimanjaro nilijaza pamba mpya."

Tukafungua mishono, mmoja baada ya mwingine. Kijani, pamba. Kijivu, katani. Kijivu, katani. Kijani, pamba. Uso wa Bwana ulianza kupata damu. Kisha nikafungua wa kijivu mmoja, na kilichotoka kilikuwa cheupe na laini.

"Pamba," nikasema.

Bwana akaweka kibano chini. "Basi. Kijivu mmoja anatoka huku. Au wote wamechanganyika, na katani haina maana."

Nilimwangalia Mzee Saidi, nikaona anapigana na nafsi yake. Alitoka nje. Nilidhani amekwenda kufunga mizigo yake. Akarudi na mto wake wa kulalia, ule wa maua mekundu, akauweka mezani katikati ya ndege.

"Huyo ni wa kwanza wa Upare," akasema. "Siku ile pamba ilikuwepo. Nilikudanganya, Bwana. Pamba haikwisha. Shingo yangu iliniuma kwenye kitanda cha kambi, usiku wake nikashona mto. Pamba yako yote imo humu. Wa pili ndipo nilipoanza katani."

Akachukua kisu chake, akapasua mshono wa mto wake mwenyewe, pamba ikafumuka. Bwana akaitoa kidogo, akaiweka karibu na ile ya ndege. Ilikuwa pamba ile ile ya zamani, ya njano kidogo, tofauti na ile mpya nyeupe kabisa iliyokuwa ndani ya wale wa kijani. Kila wa kijivu mezani alikuwa amerudishwa mlimani kwake, na aliyewarudisha alikuwa ameweka kazi yake mezani pamoja nao.

Bwana Ndege aliirudisha ile pamba ndani ya mto wa maua. Alisema, "Saidi, kama ungekuwa fundi mzuri zaidi, leo ningekuwa nimepotea." Halafu, "Unabaki. Lakini pamba nitaibeba mimi."

Mzee Saidi akasema, "Na mto, Bwana?"

"Mto utashonwa. Naomi ana mkono mwepesi."

Niliushona mchana ule ule, huku machozi yakinitoka na kicheko kikinitoka.

Kuna kitu kimoja hatukuweza. Wale wa kijani, wa Meru na wa Kilimanjaro, wote walikuwa na pamba mpya ile ile, na tumbo lile lile, na duara lile lile. Tuliwageuza mpaka macho yakauma. Bwana angeweza kubahatisha, hakutaka. Aliandika kwenye karatasi zao: Meru au Kilimanjaro, haijulikani. Nilimwonea huruma, lakini yeye alikuwa anawaangalia kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba. "Wale wa Upare wameachana nasi," akasema. "Hawa bado wanaagana." Ndege wakafungwa wakaenda Ulaya, na kwenye karatasi za miguuni palikuwa na jina la mlima na jina la Bwana. La Mzee Saidi halikuwepo. Jina lake liko kwenye mishono, kwa anayejua kusoma mishono.

Nilimtembelea mara ya mwisho Daraja Mbili, Bwana akiwa ameshakwenda kwao na bendera imeshabadilishwa. Alikuwa mgonjwa, haoni tena, kichwa chake kipo juu ya mto ule wa maua mekundu, na mshono wangu pembeni. Nilimwamkia, akanijua kwa sauti. Tuliongea habari za nyumbani. Nilipotaka kuaga akanishika mkono.

"Binti, wale wasiojulikana. Wamekwisha kujulikana?"

"Bado, Mzee."

Kisha uso wake ukafunguka kwa furaha, akageuza shavu kwenye pamba ya Bwana.

"Basi kazi inaendelea," akasema, akaniachia mkono niende.